Zoom Tuliyoichagua Ndani ya Mtumbwi wa Rubisi

Siku ya kwanza kazini niliripoti kabla ya bosi, kosa ambalo sikulirudia tena katika utumishi wangu wote. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Desemba, pale Kayanga, kwenye studio yenye mlango mmoja na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona. Nilikaa kwenye ngazi nikawa natikisa mguu. Fundi cherehani wa jirani alivumilia, akavumilia, mwisho akasema, "We Asimwe, huo mguu kama umekushinda nipe mimi nikanyagie cherehani."

Utumishi wangu ulidumu likizo moja. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, na nawaandikia ninyi wa kidato cha kwanza na cha pili ambao mnadhani kazi ya picha ni kubonyeza kitufe na kumwambia mtu acheke. Kaeni vizuri. Mimi kukaa vizuri kumenishinda tangu nizaliwe, lakini ninyi jaribuni.

Mkurugenzi alifika saa tatu. Mkurugenzi ni mjomba wangu, mdogo wake mama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hapa kazini naitwa nani?"

"Mkurugenzi."

"Wa nini?"

"Wa studio."

"Wa picha za nchi kavu na majini," akasema, na kuanzia Jumatatu hiyo ilikuwa kweli, maana mezani palikuwa na boksi jeusi lenye vishikio viwili kama pikipiki. Ndilo boksi la kuzuia maji. Kamera inaingia ndani, unafunga, na pete ya mpira inayozunguka mdomo wake inazuia maji yasipenye. Unywele mmoja ukilala juu ya ile pete, umeua kamera. Kwa sababu hiyo nilifunga kilemba kazini, siyo kwa sababu ya ulokole kama fundi cherehani alivyotangaza mtaa mzima.

Boksi halikuwa letu. Lilikuwa la Mtafiti, dada mmoja mkimya kutoka chuo cha mbali, aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya studio. Yeye alikuwa na boksi, kamera yake imekufa. Mkurugenzi alikuwa na kamera, haijawahi kuona maji zaidi ya jasho la bwana harusi. Wakakubaliana.

Shida ya Mtafiti ilikuwa hivi. Kule Kiruruma kuna bwawa la kikundi cha wakulima, chini ya mashamba ya migomba, linalojazwa na chemchemi. Ndani yake kuna furu, samaki wadogo wa urefu wa kidole, na furu wa bwawa lile wana mapezi ya rangi ya chungwa. Mtafiti alikuwa amezunguka vijito vyote vya jirani miaka miwili asiwaone kwingine. Sasa kikundi kilitaka kumwaga maji yote Ijumaa ya wiki ya pili ya likizo, kikaushe bwawa, kiweke vifaranga vya sato. Furu wangebaki juu ya tope wakiliwa na bata.

Mtafiti alikwenda kumwona Mwenyekiti wa kikundi, mzee mmoja wa mabuti ya mpira ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona yamevuliwa. Alimweleza kwamba mama furu hufuga watoto wake mdomoni. Anatembea nao humo, anawatoa wale, akisikia hatari anafungua mdomo wanarudi mbio.

"Mdomoni," Mwenyekiti akasema. "Na anakula vipi?"

"Hali, mzee. Anafunga mpaka wakue."

"Wiki ngapi?"

"Mbili, tatu."

Mwenyekiti akacheka mpaka akashika goti. "Binti yangu, nimekaa na samaki hawa tangu bwawa lichimbwe. Nionyeshe huyo mama mwenye watoto mdomoni, nimwone kwa macho yangu, nitasimamisha kazi mpaka muwahamishe. Usiponionyesha, Ijumaa saa mbili asubuhi nafungua lango la maji."

Mtasema: si wamvue kwa wavu, wamwonyeshe? Ukimvua anatema watoto wote kwa woga, unabaki na samaki mmoja mwenye hasira na Mwenyekiti anayecheka tena. Ilikuwa lazima apigwe picha ndani ya maji, akiwa hajui.

Mwenye kuingia majini nikawa mimi. Mtafiti alikuwa na jeraha mguuni ambalo daktari alilikataza tope, na suti yake ya mpira ilipojaribiwa kwa Mkurugenzi iliishia magotini. Mimi iliniingia. Hivyo ndivyo watu wanavyopanda vyeo.

Kituo changu cha pili kilikuwa Murongo, mpakani, nilikohamishiwa kwa muda wa saa nne. Rafiki wa Mtafiti aliyeko Uganda alikuwa amemtumia lenzi mbili za maji. Tulikwenda kwa pikipiki ya Mkurugenzi, tukipita Kyerwa yote huku mvua ikitusukuma mgongoni, na mimi nikishuka kila aliposimama ili niruke ruke kidogo. Afisa wa forodha akafungua kifurushi, akatoa lenzi kubwa yenye kioo kilichovimba kama jicho la chura.

"Hii ni ya nini?"

"Shikamoo. Ni lenzi ya maji."

"Inatumia maji?"

"Inavaliwa majini, juu ya boksi la kamera. Ukiwa humo humo ndani unaifungua, unavaa nyingine."

"Kwa nini usichague ukiwa nje?"

Nilimjibu kwa madoido kwamba ndiyo raha yake. Hakuridhika, aliiangalia foleni ya wafanyabiashara wenye magunia kupitia kioo kile, akasema wote wamekuwa wembamba, akatupitisha.

Hapa nisimame niwafundishe, maana ndipo kazi yenyewe ilipo. Lenzi za maji zilikuwa mbili. Ile ya jicho la chura ni ya upana: inakusanya vitu vingi ndani ya picha na inakuruhusu kumsogelea samaki mpaka shibiri moja. Ya pili ni ya karibu, inakuza: ukiwa nayo jicho la samaki linajaa kama sahani. Hizo unabadilisha majini utakavyo. Lakini nyuma yake, ndani ya boksi, kuna lenzi ya kamera yenyewe, zoom, inayovuta mbali na karibu. Hiyo unaichagua nchi kavu. Ukishafunga boksi umefunga ndoa. Humpati mwingine mpaka utoke, ujikaushe, ufungue.

Mkurugenzi alikuwa na zoom mbili. Ya kwanza tuliita Ndefu, inaanzia ishirini na nne mpaka mia moja na tano. Namba ndogo ni kuona kwa upana, namba kubwa ni kuvuta. Kwa Ndefu alikuwa akipiga chozi la bibi harusi yeye akiwa kwenye mibuni. Aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa ambacho watoto wake hawakuruhusiwa kukigusa. Ya pili tuliita Kifupi, ishirini na nane mpaka sitini, kitu cha plastiki kilichokuja bure na kamera, na kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa studio usigongwe na upepo.

Ipi iende majini? Mtafiti akasema tujaribu zote mbili na kila lenzi ya maji kabla ya kwenda bwawani. Tukahitaji maji yasiyo na tope, mahali pa urefu wa kutosha. Hapo ndipo mimi, kwa akili yangu timamu, nikasema, "Obwato wa bibi."

Msiotoka kwenye nyumba zinazokamua ndizi: obwato ni mtumbwi wa gogo lililochongwa, lakini hauendi ziwani, unakaa nyuma ya nyumba. Humo ndizi mbivu hukamuliwa kwa miguu na nyasi, na humo rubisi, pombe yenyewe ya ndizi, huchachuka ikiwa imefunikwa kwa majani. Bibi yetu wa Ihanda ana mmoja wa kulala watu wawili. Alikuwa ameuosha tayari kwa rubisi ya Krismasi.

"Mnataka kuweka nini humo?" bibi akauliza.

"Maji tu, mama," Mkurugenzi akajibu, akiwa amegeuka Deo ghafla, maana mbele ya mama yake hakuna ukurugenzi.

"Na hilo dude?"

"Linaoga kidogo."

"Waitu! Mwanaume mzima anakuja kuogesha dude kwenye obwato wangu wiki ya Krismasi." Lakini alituruhusu. Tukaujaza kwa ndoo, maji meupe ya bomba. Tukaweka jani la mgomba upande mmoja, na kidagaa kikavu kimefungwa kwa uzi, kikicheza cheza kama samaki hai.

Ndefu ikatuvunja moyo wa kuibishia. Ukiivuta mpaka mwisho, ukavaa ile lenzi ya kukuza, kidagaa kilionekana mpaka magamba, mpaka uzi ulivyosokotwa. Kwa Kifupi kidagaa kilikuwa kidagaa tu. Mkurugenzi alimshika bibi mkono amwonyeshe, bibi akasema kidagaa chenyewe kimeoza.

"Tumalizie na ile ya upana," Mtafiti akasema.

"Ya nini?" Mkurugenzi akajibu. "Samaki ni mdogo. Kitu kidogo kinavutwa. Ndefu imeshinda."

Mtafiti alitaka kubisha, ni mtu wa kusema taratibu, na mimi nilikuwa nimechoka kusimama mahali pamoja, nikasema kwa sauti, "Ndefu imeshinda! Twende!" Ile ya upana hatukuivalisha zoom yoyote. Haraka yangu ndiyo ilifunga kesi.

Kisha bibi akanipa kopo la senene wa kukaanga la kwenda nalo. Begi lilikuwa limejaa. Nikatoa mfuko wenye Kifupi na dirisha lake, yaani kile kioo cha mbele ya boksi ambacho kila zoom ina cha kwake, nikauacha kwenye kibaraza cha bibi. Senene wakapata nafasi.

Alhamisi asubuhi niliingia bwawani. Maji yalinifika kiunoni. Mvua za wiki nzima zilikuwa zimeleta udongo, na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Niliinamisha boksi, nikavuta Ndefu mpaka mwisho, nikavaa lenzi ya kukuza, nikapiga. Nikapiga. Nikasogea, tope likapanda, nikapiga. Nilipotoka Mkurugenzi, Mtafiti na Mwenyekiti waliinamia kioo cha kamera.

"Hii ni nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Jicho," nikasema.

"Na hii?"

"Pezi. Nadhani."

"Hii nyingine?"

Nikaigeuza kamera kichwa chini.

"Huu ni uji," Mwenyekiti akasema kwa upole ambao uliuma kuliko kicheko. "Mmenipiga picha ya uji."

Mtafiti ndiye aliyetueleza, na hakutukana mtu. Kwenye obwato maji yalikuwa safi, hivyo Ndefu iliona mbali kama inavyoona harusini. Bwawani, kila shibiri ya maji kati yako na samaki ni shibiri ya tope. Kuvuta hakuondoi tope, kunalivuta nalo. Ukitumia ile ya kukuza unaona kipande tu, na samaki akijitikisa ametoka. Inatakiwa umsogelee mpaka karibu umguse, halafu uwe na upana wa kumwona mzima. Yaani jicho la chura.

"Si tunalo?" Mkurugenzi akasema. "Livae."

Nikarudi majini, nikalivaa juu ya Ndefu, nikairudisha Ndefu kwenye namba yake ndogo. Picha ikatoka na duara jeusi pande zote, katikati mwanga kidogo, kama mtu anayechungulia tundu la choo. Ndefu ikifupishwa kioo chake kinarudi nyuma, mbali na dirisha, na lenzi ya upana inabaki inaangalia kuta za boksi. Kifupi hakina tabia hiyo. Kioo chake kinakaa pale pale, kimebanana na dirisha, kuanzia ishirini na nane mpaka sitini. Kile kizuia mlango ndicho kilichokuwa kinafaa lenzi zote mbili.

"Kilete," Mkurugenzi akaniambia.

Nikaangalia mabuti ya Mwenyekiti. "Kiko Ihanda."

"Ihanda kinafanya nini?"

"Nilikitoa. Senene..."

Wadogo zangu, mabosi wana namna nyingi za kunyamaza. Mkurugenzi alinyamaza huku akifungua lile kopo, akachukua senene mmoja, akamtafuna akiniangalia. Mtafiti hakuniangalia kabisa. Alikaa kwenye ukingo, akatazama maji, na nikaona anahesabu kitu kwa vidole. Nadhani ni saa zilizobaki.

Niliondoka na bodaboda. Njiani pancha, halafu mvua, halafu dereva akakutana na shemeji yake na salamu zao hazikuwa na mwisho, mimi nazunguka pikipiki kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nilipofika Ihanda, Kifupi hakikuwa kibarazani. Nilipekua jikoni, nikapekua stoo. Bibi akanitazama nikirukaruka, akasema, "Kile kidude cha plastiki? Kimeshikilia majani ya kufunikia obwato yasipeperuke." Nikakivuta. Kilikuwa kizima, kimo ndani ya mfuko wake pamoja na dirisha. Bibi akauliza ni nini kimenishika, nikamweleza yote bila kupumua: mama, watoto, mdomo, lango la maji, Ijumaa.

"Anafunga kula kwa ajili yao?" akauliza.

"Ndiyo bibi."

"Basi kimbia."

Jua lilikuwa limezama niliporudi Kiruruma, na bila jua bwawa lile ni wino. Ikabaki Ijumaa. Saa moja asubuhi nilikuwa majini, Kifupi ndani ya boksi, jicho la chura mkononi. Lenzi ya maji ukiivaa nje inabeba hewa katikati, na hewa hiyo inaharibu picha. Kwa hiyo unaizamisha kwanza, unaifungua humo humo, unaiinamisha mpaka mapovu yatoke, ndipo unaifunga. Nilifanya hivyo mara tatu kwa sababu povu moja liligoma kutoka.

Kisha Mtafiti akasema kutoka ukingoni, kwa sauti ndogo, "Asimwe, sasa simama. Usitikise chochote. Atakuja mwenyewe."

Mimi. Nisimame. Mwalimu wa darasa amejaribu miaka mitatu kwa fimbo na kwa maombi. Mguu wa kulia ukaanza palepale, tope likapanda, nikauona mgongo mdogo ukitoweka. Nikaukanyaga mguu wa kulia kwa mguu wa kushoto. Pua ikawasha. Kitu kikatembea shingoni, nikakiacha kitembee. Nyuma yangu nikasikia mabuti yakija kwenye lango, mlio wa chuma, na sauti ya Mwenyekiti, "Saa mbili kasoro dakika tano. Habari za asubuhi."

Tope likatua. Nikawa naona vidole vyangu, halafu mkono. Halafu akaja, mwenye pezi la chungwa, mdogo kama kidole, na kidevu kimevimba kama mtu aliyeficha ugali. Alisimama mbele ya kioo, shibiri moja. Akafungua mdomo. Wakatoka kama vumbi lenye macho, wakamzunguka. Nilikuwa sijapumua. Nilibonyeza. Nikabonyeza tena. Kivuli cha mtu kikapita juu ya maji, na wote wakarudi mdomoni mara moja, wakisukumana mlangoni, na hapo ndipo nilipobonyeza mara ya tatu.

Ile ya tatu ndiyo picha. Mama furu amejaa mbele, mdomo wazi, ndani yake macho madogo yamepangana yanatuangalia. Lakini lenzi ya upana haichagui. Juu yake, kupitia maji, kulikuwa na anga, na lango, na mzee wa mabuti ameinama, mkono wake uko kwenye chuma.

Mwenyekiti aliishika kamera muda mrefu. Mkurugenzi alifungua mdomo aseme jambo la kitaalamu, Mtafiti akamkanyaga.

"Huyu hapa juu ni mimi," Mwenyekiti akasema.

"Ndiyo mzee," nikasema, meno yakigongana kwa baridi.

"Ni mimi wanayemkimbia."

Akaivuta picha kwa kidole, akaikuza, akawa anahesabu macho kimoyomoyo, akakosea, akaanza upya. Mwisho akamrudishia Mkurugenzi kamera, akatoa ufunguo wa lango, akautia ndani ya buti. "Nawapa wiki tatu," akasema. "Mtawaweka wapi?"

Mtafiti alikuwa amejiandaa kwa yote isipokuwa swali hilo. Akanitazama, Mkurugenzi akanitazama. Na mimi, kwa mara ya pili katika utumishi wangu, nikasema, "Obwato wa bibi."

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Ihanda, nyuma ya nyumba, mlinzi wa mtumbwi. Tuliwahamisha kwa ndoo wawili wawili, baada ya kuusugua obwato siku mbili mpaka ukaacha kunuka ndizi. Bibi alisimama mlangoni akiangalia Krismasi yake ikielea. Wajomba walifika na vibuyu vyao, wakachungulia, wakaondoka wameinamisha vichwa. Ukoo mzima ulikunywa soda. Babu mdogo alisema hajawahi kuona Krismasi yenye akili timamu kiasi kile na hataki kuiona tena.

Januari, bwawa lilipokwisha kukaushwa na kujaa upya, furu walirudishwa Kiruruma, kwenye kona ya bwawa iliyozungushiwa wavu, sato wakawekwa upande wa pili. Mwenyekiti aliomba nakala ya picha, ameitundika sebuleni, na mgeni akifika anaonyeshwa kwanza mabuti, halafu samaki. Mkurugenzi ameondoa yale maporomoko ya uongo. Ndefu imerudi harusini, inakofaa.

Mimi nilistaafishwa na mama, kwa sentensi moja: "Kidato cha nne hicho." Sasa mwalimu wa fizikia anachora mshale wa mwanga unaoingia majini na kupinda, darasa linalala, na mimi mguu unapiga chini ya dawati kama kawaida. Asubuhi kwenye paredi hujaribu kusimama kama nilivyosimama siku ile. Nafika ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa.

Nafasi yangu Kayanga haijajazwa. Ukienda, mwite Mkurugenzi, usimwite mjomba hata kama ni mjomba wako. Kifupi kiko kwenye droo ya pili, kimefungwa kwa kile kitambaa kilichokuwa cha Ndefu. Mlango sasa unazuiwa na jiwe.